Pua Yangu na Vifuniko Vyekundu

Jumatatu, tarehe 4

Hakuna pua kama yangu chini ya jua hili. Naandika bila majivuno, kama mtu anavyoandika kimo chake. Wengine wamezaliwa na sauti, wengine na miguu ya mpira, mimi nimezaliwa na pua. Nipe kifuniko cha dumu, nitakwambia ndani mna petroli au dizeli, limejazwa lini, na aliyelijaza alikuwa na hasira au hakuwa nayo. Fundi ananiita Pua. Wateja wananiita Bwana Pua. Siku nikifa wataizika peke yake, na kaburi lake litakuwa na watu wengi kuliko langu.

Leo kikao. Yadi ya mjomba inakodisha mashine: jenereta, pampu za maji, mashine za kukata nyasi, msumeno wa mnyororo, na ile ya kushindilia udongo ambayo ikiwaka hata meno ya majirani yanacheza. Nusu zinakunywa petroli, nusu dizeli. Mwezi uliopita mbili zilinyweshwa kinywaji cha wenzao. Mashine ya nyasi ilipewa dizeli, ikatoa moshi kama mtu anayechoma godoro, ikalala. Jenereta kubwa ikapewa petroli. Hiyo haikulala. Ilikufa.

Mjomba alisimama juu ya tairi, maana ni mfupi na hapendi ijulikane. Akasema hajali nani alifanya, anajali nani atafanya tena. Kuanzia wiki ijayo stoo ya mafuta itakuwa na ufunguo mmoja na mtu mmoja. Wa kufikiriwa ni wawili: mimi mpwa wake, na binti yake, ambaye sote tunamwita Karani kwa sababu ya kalamu inayokaa sikioni mwake usiku na mchana. Tutatazamwa wiki hii. Atakayekosea asahau ufunguo.

Karani akanyoosha mkono kana kwamba bado yuko darasani. (Yeye shule aliimaliza. Mimi na shule tuliachana kidato cha pili, kwa makubaliano ya upande mmoja.) Akasema tatizo si mtu, tatizo ni alama. Mimi nikasema tatizo ni pua, wengine hawana. Fundi akacheka hadi spana ikamponyoka. Sijui alikuwa upande wa nani.

Mjomba aliposhuka, tairi lilimfuata. Hatukucheka. Tulicheka baadaye, kwa zamu.

Jumanne, tarehe 5

Balaa! Karani kaleta madumu mapya.

Mawili makubwa ya buluu, pacha kabisa, na kadogo kamoja. Dumu la petroli lina kifuniko chekundu. La dizeli cheusi. Kadogo, ka petroli iliyochanganywa na oili kwa ajili ya msumeno, kana kifuniko cha kijani. Halafu amepita kwenye kila mashine na brashi, akaweka nukta ya rangi pembeni ya mdomo wa tangi. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Akatangaza kwamba hata mtoto wa miaka minne hawezi kukosea.

Hapo ndipo penye ubaya! Kazi ambayo mtoto wa miaka minne anaiweza, pua kama yangu inakwenda wapi?

Sasa, daftari, nikuibie siri, na ukiitoa nakutia jikoni. Mimi sinusi kitu. Sifuri. Tangu yale mafua ya utotoni, hata vitunguu vikiungua naambiwa na masikio. Madumu ya zamani niliyajua kwa sura. La dizeli mpini wake ulitafunwa na mbwa. La petroli lilikuwa limeyeyuka pembe moja. Nilikuwa nafumba macho, navuta pumzi ndefu, nalipapasa dumu kama daktari, kisha natamka. Watu wanaguna kwa heshima. Miaka miwili nimeishi kwa mpini wa mbwa.

Madumu hayo Karani kampa mwokota plastiki asubuhi. Nilimkimbilia hadi njia panda. Keshayakanyaga.

Mchana alikuja mama mkubwa. Ni dada mkubwa wa mama yangu na wa mjomba, na akiingia yadi mjomba anashuka kwenye chochote alichopanda. Ndiye aliyenilea. Ana kitalu cha miche, mwendo wa dakika kumi kutoka hapa: kabichi upande huu, nyanya upande ule, kwenye trei zenye udongo wa kina cha kidole. Jumamosi kikundi cha akina mama wakulima kinakuja kuchukua. Wakiipenda miche watachukua kwake kila msimu. Wasipoipenda, kuna kitalu kingine ng'ambo ya barabara, na mwenyewe ameanza kuwasalimia kwa kupunga mikono yote miwili.

Jua la wiki hii halina adabu. Trei zinataka maji asubuhi na jioni, na bega lake limegoma kubeba ndoo kutoka kisimani. Anataka pampu Alhamisi. Mjomba akamuuliza nani amletee. Mama mkubwa hakufikiri hata kidogo. Akasema, nipe mwanangu huyu, yeye ndiye anayejua mafuta.

Nikamtazama Karani. Alikuwa anakaza vifuniko.

Jumatano, tarehe 6

Mpango! Umenijia nikiwa napiga mswaki, mahali ambapo mipango yangu mizuri yote hunijia.

Rangi ina aibu moja: kifuniko kinafunguka. Cha huku kinaenea kule. Nitavibadilisha hivi viwili kwa siri, chekundu kwenye dizeli na cheusi kwenye petroli, kisha nimwite, nimwambie, tazama mjomba, mfumo wa binti yako umevuliwa kama kofia, lakini pua haivuliki. Hapo ufunguo wangu.

Saa sita, wakati wa chakula, nikaingia stoo nikabadilisha. Sekunde kumi. Nikatoka kumwita mjomba.

Mjomba hayupo. Kaenda kutazama jenereta iliyozama matopeni kwa mteja. Atarudi lini? Fundi akasema, mwenye gari ni yeye, mwenye matope ni Mungu.

Nikangoja. Nikala. Nikangoja tena, juu ya lile tairi, kuona kunavyoonekana huko juu. Saa tisa mjomba akapiga simu kwamba harudi leo. Basi, onyesho limeahirishwa. Mimi si mtu mbaya, siwezi kuacha vifuniko vimekaa vibaya watu wakaharibu mashine. Nikanyata hadi stoo, nikavirudisha. Chekundu huku, cheusi kule. Sekunde nane. Mkono umezoea.

Nilipotoka nikakutana na Karani mlangoni. Akanitazama kama anayesoma maandishi madogo. Akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia nanusa tu, nafanya mazoezi. Akasema, nusa binamu, nusa, bure haina kodi.

Hajui kwamba leo nimemwokoa.

Alhamisi, tarehe 7

Pampu nimeipandisha kwenye mkokoteni tangu saa mbili na nusu. Mafuta nikayachukua mwenyewe kutoka dumu la kifuniko chekundu, nikayatia kwenye chupa kubwa. Nukta ya pampu nyekundu, kifuniko chekundu. Nakiri, rangi zina raha yake.

Njiani nilisalimiwa na watu watatu. Mmoja aliniita mhandisi. Sikumsahihisha.

Kitaluni mama mkubwa alikuwa amekwisha kutandika mpira kutoka kisimani hadi kwenye trei. Nyanya zimesimama wima, kijani kibichi, kama wanafunzi mbele ya mkaguzi. Akawaita majirani wawili waje waone. Saa tatu kamili nikajaza tangi, nikavuta kamba mara moja. Ikawaka! Maji yakaruka. Majirani wakapiga makofi. Nikawaeleza kidogo kuhusu pua.

Saa tatu na robo pampu ikakohoa. Moshi mweupe, mzito, ukatuzunguka sote. Ikakohoa tena kama mzee anayetaka kusema neno, halafu kimya. Maji yalikuwa yamefika trei za kwanza tu za kabichi.

Nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta tena. Mama mkubwa akauliza kuna nini, mwanangu. Nikasema vumbi. Akauliza aanze kuita watu wa ndoo? Nikamwambia asubiri kidogo, inakaribia kuwaka, watu wa ndoo wataonekana washamba.

Nikavuta kamba hadi saa nne. Kuvuta kamba ni kazi nzuri kwa mtu mwenye shida: inatoa jasho, inaonekana kutoka mbali, na haimwulizi mtu maswali. Saa tano nikafungua plagi, nikaipuliza, nikairudisha. Saa sita nikaipuliza tena. Mama mkubwa akaniletea maji ya kunywa. Akasema nisijiumize.

Saa nane nyanya zilikuwa zimeinama. Hapo mama mkubwa hakuniuliza tena. Alichukua ndoo kwa mkono wa bega zima, majirani wakachukua zao, wakaanza na upande wa kabichi kwa sababu ndio uliokuwa karibu na kisima. Mimi niliendelea na kamba. Ningeiacha, watu wangedhani nimeshindwa.

Jioni nikarudi yadi. Fundi akaniuliza pampu inaendeleaje. Nikasema inaendelea.

Ijumaa, tarehe 8

Siku ndefu. Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi mama mkubwa alimtuma jirani yadi. Jirani hana breki. Alisema mbele ya watu wote kwamba pampu imekufa tangu jana saa tatu na Bwana Pua amekuwa akiichezesha kamba kama anayeanika nguo. Mjomba akanitazama. Nikasema nilitaka kuimaliza mwenyewe, nisiwasumbue wakubwa.

Tukaenda wote: mjomba, Fundi, Karani na mimi nyuma. Fundi akafungua tangi, hakunusa. Alichovya kidole, akadondosha tone kwenye kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji, akaliweka juani. Tukasimama kulitazama kama watu wanaosubiri matokeo. Akasema petroli ingekuwa imekwisha kuruka. Tone likabaki pale, limenenepa, lina mafuta. Akasema mwanzo pampu iliwaka kwa petroli kidogo iliyokuwa imebaki ndani. Dizeli.

Akamwaga tangi, akaosha kabureta kwa petroli safi aliyokuja nayo kutoka gari la mjomba, akasugua plagi, akavuta. Ikawaka. Dakika arobaini, pamoja na kuwasha sigara na kukatazwa na mjomba. Maji yakapita juu ya nyanya, nayo nyanya hazikuwa na habari nayo. Zilikuwa zimelala kwenye trei kama nyuzi. Mama mkubwa alizimwagilia vivyo hivyo, trei moja moja, zote.

Kisha baraza. Mjomba akauliza mafuta yalitoka wapi. Nikasema kweli tupu: dumu la kifuniko chekundu. Fundi akatumwa yadi, akarudi mbio akasema ni kweli, dumu la kifuniko chekundu lina dizeli, na la cheusi lina petroli. Bahati tu kwamba jana hakuna mashine nyingine iliyojazwa.

Wote wakamgeukia Karani. Kalamu ikamtoka sikioni. Akasema haiwezekani. Akasema Jumatano, saa saba hivi, aliingia stoo akakuta vifuniko vimebadilishwa, akavirudisha kwa mkono wake mwenyewe, na ana hakika, alijaribu kwa tone.

Hapo nikahesabu kwa vidole. Saa saba yeye kavirudisha. Saa tisa mimi nikavirudisha.

Mjomba akamwuliza, kwa hiyo unakubali ulivigusa? Akasema ndiyo, lakini. Mjomba hakutaka lakini. Akasema vifuniko vyenyewe vinageuzwa kama karata, basi mfumo gani huo. Akanigeukia, akaniuliza kama nilivigusa. Jua lilikuwa kali, watu wengi, na swali lilikuja ghafla. Nikasema mimi, mjomba, natumia pua.

Fundi akasema, pua hii ilikuwa wapi jana? Nikasema moshi uliiziba. Akatikisa kichwa, akaenda kukunja mpira.

Jioni mjomba kavua vifuniko vyote vya rangi, kaweka vyeupe. Kanipa ufunguo wa stoo mbele ya watu. Nimeshinda!

Karani alichukua brashi na kopo lake la rangi, akaenda nyumbani kwa miguu, na gari la baba yake likampita polepole likiwa na mlango wazi. Hakupanda.

Jumamosi, tarehe 9

Siku ya kwanza ya utawala. Nimeufunga ufunguo kwenye mkanda mahali unapogonga vitu. Nikitembea nasikika.

Saa mbili Fundi akaja, akasema anataka petroli lita tano achanganye na oili ya msumeno. Nikafungua stoo. Madumu mawili ya buluu, pacha, vifuniko vyeupe. Jana la kushoto lilikuwa la petroli. Lakini jana jioni Fundi alifagia stoo, na alipofagia aliyahamisha.

Nikafumba macho. Nikavuta pumzi ya kwanza. Nikavuta ya pili. Nikapapasa. Laini yote mawili, hayana hata mkwaruzo, kama mashavu ya mtoto. Fundi akangoja. Akaegemea mlango. Akauliza kama pua imepata usingizi. Nikamwambia pua ya kitaalamu haifanyi kazi Jumamosi, ni lazima ipumzike, ni kama koo la mwimbaji. Akaniuliza, sasa msumeno nao nauambia ni Jumamosi?

Ilibidi nifanye lile la Fundi la kudondosha tone kwenye karatasi nyuma ya stoo, nimechuchumaa, nikijifanya nafunga kiatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Mchana nikapita kitaluni. Kikundi cha akina mama kilikuwa kimefika. Kumi na mmoja hivi, na mwenyekiti wao mwenye miwani na sauti ya kupanga foleni. Walichukua kabichi, wakazisifia. Kwenye nyanya mwenyekiti aliinua mche mmoja kwa ncha ya vidole, ukaning'inia. Akaurudisha polepole, kwa heshima, kama anayerudisha kikombe cha watu. Akasema kwamba wao wanahitaji vyote viwili mahali pamoja, mama, tuelewe. Mama mkubwa akasema anaelewa. Wakavuka barabara.

Yule wa ng'ambo safari hii hakupunga mikono. Aliwafungulia lango tu.

Mama mkubwa alianza kukung'uta udongo kutoka kwenye trei za nyanya, akizipanga moja juu ya nyingine. Nikamsaidia chache. Nilikuwa na haraka, stoo bila mimi ni stoo gani.

Jumapili, tarehe 10

Mapumziko. Nimewaza sana, na nimepata suluhisho la madumu pacha. Kesho nitachukua msumari, nitaupasha moto hadi uwe mwekundu, nitayachoma alama chini ambako haoni mtu: nukta moja petroli, nukta mbili dizeli. Sihitaji hata kuyamwaga kwanza, ni kugusa tu mara moja. Mtu wa kawaida hawezi kubuni kitu kama hicho. Baada ya hapo pua itarudi kazini, na nafikiria kumwomba mjomba anitengenezee kibao cha mlangoni.

Mchana mama mkubwa aliniita kula. Alinipakulia kabla ya kujipakulia mwenyewe, kama siku zote. Bega kalifunga kitambaa. Akaniuliza habari za kazi mpya, nikamweleza ufunguo unavyogonga. Akacheka. Akasema amefurahi kwamba angalau mmoja kati yetu wiki hii imemwendea vizuri.

Kisha akasema nikimwona Karani nimwambie shangazi yake hana kinyongo naye. Kila mtu hukosea, na yule ni mtoto mwangalifu, asijikondeshe kwa trei za nyanya. Nimfikishie kwa maneno hayohayo. Nikasema nitamfikishia.

Sikumfikishia. Nyumba yao iko njiani, nilipita dirishani, nikamwona amekaa mezani ameinamia karatasi anachora kitu chenye nukta nukta. Nikaona nisimkatize. Nitamwambia wiki ijayo, au ile nyingine, mambo yakitulia. Nikipata namna nzuri ya kuliweka nitalitia chumvi kidogo ionekane kwamba ni mimi niliyemwombea msamaha.

Basi naandika hapa, maana hapa hakuna anayesoma. Alhamisi saa tatu na robo, moshi ulipotoka, nilitazama mkono wangu. Wakati wa kujaza ulikuwa umemwagikiwa. Petroli ingeacha ngozi kavu na baridi. Mkono ulikuwa na utelezi. Nilijua ni dizeli. Fundi nilimwacha yadi, mwendo wa dakika kumi, hana kazi, amekaa juu ya tairi anakula karanga. Nyanya zilikuwa bado zimesimama.